Urafiki wa Kupewa na Urafiki wa Kutafuta: Uhakiki wa Dodoso la Usonji kwa Mwanafunzi wa Chuo katika Muktadha wa Tarime na Serengeti

Mwaka 2001 Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge walichapisha dodoso la kauli 50 linalopima sifa za usonji kwa mtu mzima mwenye akili ya kawaida. Wanafunzi 840 wa chuo kikuu hicho walikuwa miongoni mwa waliolijibu, na alama 32 zikawekwa kuwa kiwango cha kutiliwa maanani. Dodoso hilo limetafsiriwa katika lugha nyingi na hutumika mara kwa mara katika utafiti unaowahusu wanafunzi wa vyuo. Hapa linasomwa kama matini: ni nani anayesemeshwa humo, na anadhaniwa kuishi wapi?

Mjibuji anaulizwa kama angependelea maktaba kuliko tafrija, au ukumbi wa tamthilia kuliko makumbusho; kama katika simu hujua zamu yake ya kusema; kama mazungumzo mepesi humfurahisha. Huyu ni mtu anayejipangia jioni yake. Kwa mwanafunzi aliyekulia kijiji cha Tarime au pembezoni mwa Mugumu, makumbusho anayoyajua huenda ni yale ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, tena kwa ziara ya shule. Ukumbi wa tamthilia haumo kabisa. Kasoro hii ni ndogo. Mfasiri makini ataweka ngoma ya litungu mahali pa tamthilia, na kazi ikaendelea.

Kasoro kubwa imo katika dhana ya urafiki. Ndani ya dodoso, kuwa na watu ni stadi: mtu huwapata wenzake kwa kuwavutia. Wakurya walijenga mahusiano juu ya msingi mwingine. Waliotahiriwa msimu mmoja huwa rika moja, esaaro, na wajibu wa rika hauulizi kama fulani ni mchangamfu. Achukuliwe kijana asiyependa maneno, anayemtambua kila ng'ombe kwa rangi na pembe, anayefadhaika utaratibu ukivunjwa. Kijana huyo ana watu wa kukaa nao kabla hajamwambia yeyote neno. Dodoso litampa alama nyingi katika safu ya mahusiano, ilhali upweke unaodokezwa na alama hizo haupo.

Hapa ndipo hoja ya utamaduni huteleza ikawa sifa tupu. Rika lina mlango, na mlango wenyewe ni kisu. Kwa msichana ni ukeketaji, uliokatazwa kwa walio chini ya miaka 18 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na ambao bado huwafanya wasichana wa wilaya hizi mbili wakimbilie nyumba salama za Masanga na Mugumu. Hata kwa mvulana, umati, nyimbo na sharti la kutopepesa macho huweza kumlemea mwenye usonji ambaye kelele na kuguswa humtesa. Anayeshindwa hapo hapotezi rafiki mmoja. Huwapoteza wote kwa mara moja. Kinachotolewa na jamii huweza pia kunyimwa na jamii.

Kisha kijana anaingia chuoni, kiwe Chuo cha Ualimu Tarime au chuo kikuu cha mbali. Bwenini hakuna esaaro. Kazi za vikundi mara nyingi hufanywa na waliochaguana, na Jumamosi haina zamu ya malisho. Mwanafunzi yuleyule sasa anafanana na mtu aliyefikiriwa na watunzi wa dodoso. Chombo kisichomfaa nyumbani kinaanza kumfaa bwenini, jambo lisiloonwa na wanaokikataa kwa sababu tu ni cha kigeni. Alama zake zinapima mahali alipo kama zinavyompima yeye.

Damian Milton, mwanasosholojia ambaye mwenyewe ana usonji, alidai mwaka 2012 kwamba kutoelewana kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumsoma mwenye usonji. Hoja hiyo inasaidia, lakini inawaacha watu wawili peke yao, kana kwamba walikutana njiani. Mfano wa rika unaonyesha kitu cha tatu, yaani utaratibu unaowakutanisha. Chuoni utaratibu huo ungeweza kuwa mkufunzi anayepanga vikundi mwenyewe na kuvidumisha muhula mzima. Katika kauli zote 50, hakuna hata moja inayouliza ni nani aliyepangiwa kukaa na mjibuji.