Brigedi Ndiyo Inayotembea

Historia rasmi ya Wabelgiji kuhusu vita vyao vya Afrika ina juzuu tatu za Kifaransa, zilizotoka kati ya 1927 na 1932: Les campagnes coloniales belges 1914-1918. Mimi nimeisoma kama mtu anayewatafuta watu wa Ngara na Biharamulo. Nimekuta njia ya kupita.

Mpangilio wa matukio hauna shida. Mwaka 1916 Jenerali Charles Tombeur aliivusha Force Publique ya Kongo kuingia eneo la Wajerumani kwa brigedi mbili. Ile ya Kaskazini, chini ya Kanali Philippe Molitor, iliingia Kigali mwezi Mei na kufika Biharamulo mwishoni mwa Juni. Tarehe 3 Julai, huko Kato, kikosi cha Meja Rouling kilipambana na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka upande wa Bukoba. Septemba 19, Tabora ikaanguka. Tombeur baadaye akawa Baroni wa Tabora. (Hakuna aliyeomba kuwa baroni wa Kato.)

Kinachonisumbua ni sarufi. Katika historia za namna hii mtendaji ni brigedi: brigedi inavuka, brigedi inasonga, brigedi inapumzika. Lakini brigedi haina miguu. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa vita vyote vya Wabelgiji huku kwetu ni wapagazi 260,000, ilhali askari hawakufika 15,000. Risasi, unga na mahema ya maofisa vilikaa juu ya vichwa vya watu. Katika historia hizi mpagazi huonekana chini ya ugavi, pamoja na magunia. Meja akijeruhiwa, tunajua siku na mahali. Mpagazi akifa kwa kuhara, jumla inapungua kwa mmoja.

Na Juni ni kiangazi. Kwa Wahangaza na Wasubi huo ni wakati wa kuvuna mtama. Jeshi lililoacha maghala yake mbali, ng'ambo ya Kivu, lilikula kutoka ghala la nani? Mwandishi anayeweza kueleza kilima kwa aya nzima alishindwaje kuuliza hilo?

Sisemi tuitupe. Kwa mito, umbali na tarehe ninaitegemea, na ningependa ipatikane kwa Kiswahili. Ila isomwe hadi mahali inapokoma. Juzuu ya pili inaishia Tabora, ya tatu inaelekea Mahenge ya 1917. Mwaka 1919 Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza waligawana walichokiteka. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji, lakini Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika. Bugufi hiyo ni sehemu ya Ngara ya leo, ambako Mhangaza na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka wanaelewana bila mkalimani, na kila mmoja anabeba kitambulisho chake.