Namna ya Kuzipima Filamu Fupi za Buster Keaton

Kati ya 1920 na 1923, Buster Keaton alitoa filamu fupi 19 alizozisimamia mwenyewe. Nyingi huchukua dakika ishirini hivi, hazina sauti, na uso wa mwenyewe hautabasamu. Anayezipanga kwa kuhesabu vicheko atapotea, kwa sababu hata zile dhaifu zinachekesha. Vipo vipimo bora zaidi.

Cha kwanza ni chanzo. Katika filamu iliyokomaa, vitimbi vyote huzaliwa na jambo moja. One Week (1920) ndiyo mfano wake mkuu: maharusi wamezawadiwa nyumba iliyofungwa masandukuni, ya kuunganisha wenyewe, na mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi anabadilisha namba za masanduku hayo. Basi! Kuta zinakwenda upande, mlango wa ghorofani unafungukia hewani, dhoruba inaizungusha nyumba nzima huku wageni wamo ndani. Hakuna kichekesho kilichookotwa nje ya kisa.

Cha pili ni uwazi wa picha. Keaton alipenda kamera isimame mbali, mtazamaji auone mwili wote pamoja na mahali ulipo, ili kuanguka kuwe kuanguka kweli. Nyumba ya One Week iliwekwa juu ya jukwaa linalozunguka, na treni inayoivunja mwishoni ni treni halisi. Hata mbinu za kamera alizifanya kwa uadilifu huohuo. Katika The Playhouse (1921) wanaonekana akina Keaton tisa kwa pamoja jukwaani. Mpiga picha Elgin Lessley aliziba sehemu ya picha, akapiga, akairudisha filamu nyuma, akaanza tena na sehemu nyingine, kamera ikizungushwa kwa mkono. Mkono ungeyumba mara moja tu, kazi yote ingeharibika.

Cha tatu ni mwisho. Katika Cops (1922), Keaton anafanikiwa kuwafungia kituoni askari wote waliokuwa wakimkimbiza. Msichana anayempenda anampita bila kumjali. Anaufungua mlango kwa hiari yake, na askari wanamvuta ndani. Wachekeshaji wachache wa wakati ule walithubutu kumaliza hivyo.

Kwa vipimo hivyo, madaraja yanajipanga.

Daraja la kwanza: One Week, Cops na The Boat (1921), ambamo baba anajenga mashua isiyopita mlangoni, anaivuta hadi nyumba inaporomoka, na siku ya kuishusha majini inazama moja kwa moja naye amesimama wima.

Daraja la pili: The Goat, The Scarecrow na The Playhouse, ambayo baada ya mwanzo wake wa ajabu inageuka mfululizo wa michezo ya jukwaani. Hapa pia inastahili kuwekwa The “High Sign”, ambayo Keaton hakuipenda akaizuia hadi 1921. Mbio za mwisho, katika nyumba inayoonyeshwa vyumba vinne kwa mara moja, zinatosha kuitetea.

Daraja la tatu: The Balloonatic na The Haunted House. Hii ya pili ina gundi ya benki na ngazi zinazogeuka mteremko, vichekesho vizuri vya filamu mbili tofauti.

Anayeanza aanze na One Week, kisha Cops, ndipo aingie daraja la pili. Za daraja la tatu zinafaa kutazamwa mwisho, jicho likiwa tayari limejua kinachokosekana.