Risasi Nyepesi kwa Bunduki Nzito

Ukiichukua bunduki ya zamani ya mitutu miwili ya .470, moja ya zile zilizoundwa London au Birmingham, ukaichomoa mitutu yake na kuigeuza juu chini, utakuta maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma: CORDITE 75-500 MAX. Bunduki hiyo ilijaribiwa na kupitishwa kwa greni 75 za kodaiti, ile baruti ya nyuzinyuzi iliyobuniwa Uingereza mwaka 1889, ikisukuma kichwa cha risasi chenye greni 500. Kwa vipimo tulivyozoea ni karibu gramu 5 za baruti kwa gramu 32 za risasi. Kichwa hicho hutoka kwa mwendo wa mita 655 hivi kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya karibu jouli 7,000. Risasi ya AK-47, inayojulikana vizuri mno katika ukanda wetu, ina kama 2,000 tu.

Maandishi yale yanaweka kikomo cha juu, na mazungumzo ya wapenzi wa bunduki hizi huishia huko huko juu: nguvu, kishindo, tembo, nyati. Mimi nataka kuwasifu watu wanaofanya kazi chini ya kikomo. Ni watu wanaojifungia karakanani jioni, Marekani, Afrika Kusini au Uingereza, wakijaza maganda kwa mkono ili bunduki iliyoundwa kumwangusha nyati itoe mlio wa upole na kutoboa karatasi mita 50 mbele. Sijui ufundi mwingine wa silaha ambao lengo lake ni kupunguza.

Sababu ya kwanza iko begani. Bunduki ya .470 ina uzito wa kilo 5 hivi, na teke lake linazidi mara tatu lile la bunduki ya .30-06, ambayo nayo si mchezo. Mwili haudanganyiki. Mtu akipiga risasi kamili mfululizo, kabla kidole hakijamaliza kuvuta, jicho limeshafumba na bega limeshajikunyata. Hapo mazoezi yamegeuka kuwa somo la woga, na kila risasi inayofuata inalikaza. Sababu ya pili ni mfuko: risasi moja ya kiwandani hupita dola 10 za Kimarekani kwa urahisi. Kwa hiyo wenye bunduki hizi wengi hawafanyi mazoezi kabisa. Wanazipangusa, wanazipaka mafuta, wanazipeleka porini.

Huko porini ndiko deni linakolipwa, na halipwi na mwenye bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii, na nyati ni miongoni mwa wanyama wanaotafutwa zaidi. Mgeni akipiga vibaya, nyati huingia kichakani na utumbo uliotoboka. Anayetangulia kumfuata ni traka, mtu anayesoma damu kwenye majani, macho chini, mara nyingi mikononi hana kitu ila fimbo. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa, na nyuma zaidi yule aliyefumba jicho. Nikiifikiria risasi nyepesi ya mazoezi namfikiria traka kwanza, kisha nyati. Jioni za karakanani ni heshima kwao wote wawili, hata kama mjazaji hajawahi kukanyaga pori la Selous wala la Rungwa.

Lakini bunduki ya mitutu miwili haikubali risasi yoyote ile, na hapa ndipo ufundi unapokolea. Mitutu ile haiko sambamba, ingawa jicho linaiona hivyo. Imeelekezana kidogo kwa mbele. Mtutu wa kulia ukilia, teke huizungusha bunduki juu na kulia hata kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto huizungusha kushoto. Fundi aliyeiunda alipiga mtutu mmoja, akapiga wa pili, akaangalia karatasi, akapasha moto bati lililoiunganisha mitutu, akasogeza kikabari katikati ya midomo yake, akapiga tena. Alirudia hivyo mpaka mitutu yote miwili ikapiga mahali pamoja. Alifanya yote hayo kwa risasi ya aina moja tu. Kwa hiyo bunduki ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa nira na risasi ile.

Punguza baruti, na nira inalegea. Risasi ya polepole hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, bunduki inazunguka zaidi kabla haijatoka, na mitutu inatawanya: wa kulia unapiga kulia, wa kushoto unapiga kushoto. Mwendo ukizidi, alama zinapishana. Mjazaji anaisoma karatasi yake kwa namna hiyo na kurudi karakanani kubadilisha kitu kimoja, kimoja tu: aina ya baruti, au uzito wa kichwa, au kiasi. Yapo majira yanayopita hivyo. Risasi ya mazoezi inayotawanya haifai, kwa sababu inaufundisha mkono kusahihisha kosa ambalo porini halitakuwapo.

Kichwa cha risasi nacho hutengenezwa hapo hapo. Kwanza mtutu unapimwa, maana bunduki za zamani hazikulingana hata zikiwa na jina moja. Kipande cha risasi laini iliyopakwa mafuta husukumwa polepole kwa ufito kutoka mwanzo wa mtutu hadi mwisho, kikatoka kimechukua sura ya mifereji yote, kisha kikapimwa kwa maikromita. Ndipo kalibu inachaguliwa. Madini ya risasi, yakichanganywa na bati na antimoni kidogo, huyeyushwa na kumiminwa. Kalibu ikiwa baridi, kichwa hutoka na makunyanzi. Ikizidi moto, kinafifia kama kilichopigwa na umande wa barafu. Vya makunyanzi hurudishwa sufuriani bila huruma. Vilivyobaki hupakwa mchanganyiko wenye nta ya nyuki kwenye mifereji yake ili visiache uchafu wa madini mtutuni. Na mitutu inafurahi: chuma cha miaka mia moja, chembamba, kinavumilia madini laini kuliko kinavyovumilia vichwa vigumu vya shaba tupu vya siku hizi.

Sehemu ya baruti ndiyo inayotenganisha fundi na mtu wa papara. Ganda la .470 lina urefu wa milimita 83 na tumbo pana, kwa sababu lilikusudiwa kubeba nyuzi nyingi za kodaiti. Ukilitilia kiasi kidogo cha baruti ya kisasa, sehemu kubwa inabaki wazi. Baruti inalala chini ganda likilazwa. Mtutu ukiinamishwa inakimbilia mbele, mbali na fataki, na inawaka kwa kuchelewa au bila mpangilio. Baruti za mwako wa taratibu haziwezi kupunguzwa ovyo. Chini ya kiwango fulani shinikizo lake halitabiriki, na bunduki zimewahi kuharibika. Ndiyo maana mjazaji wa kweli haanzi kwa kukisia. Anaanza na vipimo vilivyojaribiwa na kuchapishwa na wenye mitambo ya kupimia shinikizo.

Tumbo lile wazi lina hatari nyingine mbaya zaidi: linaweza kupokea vipimo viwili vya baruti, hata vitatu, bila kumwagika. Kwa hiyo maganda yote husimamishwa kwenye kibao chenye matundu, na kabla ya kichwa hata kimoja kuwekwa, mjazaji anamulika tochi ndani ya kila ganda na kulinganisha kimo cha baruti na cha jirani yake. Redio imezimwa. Anayeingia na habari anasubiri mlangoni. Kwangu hiyo tochi ndiyo kiini cha kazi yote, kuliko hata mizani.

Ili baruti isihamehame, wajazaji wengi huikandamiza kwa kishungi chepesi cha nyuzi za viwandani, na wengine kwa sufi. Ndiyo, sufi ile ile ya mti wa msufi, inayojaza mito na magodoro ya Pwani yetu. Wapo wanaoipinga njia hii wakisema kishungi kinaweza kukwaruza au kutia pete kwenye chemba, na wanastahili kusikilizwa. Wengine huchagua baruti yenye ujazo mkubwa ili lile pengo lisiwepo.

Bila watu hawa bunduki zenyewe zingekuwa mapambo ya ukutani. Kynoch, waliokuwa wakitengeneza sehemu kubwa ya risasi hizi Uingereza, walikuwa wameacha kuzitengeneza kufikia mwanzo wa miaka ya 1970. Kwa miaka kadhaa, mwenye .470 au .500 alibaki na kilichokuwa kwenye sanduku lake. Wajazaji ndio waliookota maganda, wakayafufua, wakayaunda mengine kutokana na ya aina tofauti, mpaka viwanda vikarudi.

Msimu wa kujaza na kupiga huishia safari inapokaribia. Vichwa vya kijivu vya mazoezi hufungiwa kabatini, kwenye masanduku yaliyoandikwa kwa rangi, ili hata kimoja kisije kikachanganyika na vya porini. Kisha mwenye bunduki huenda uwanjani na risasi kamili chache. Anasimama, hakai kwenye meza. Anapiga wa kulia, anapiga wa kushoto, anafungua, anajaza, anapiga tena. Kishindo kinamsukuma nyuma hatua nzima, na macho yake yako wazi.