Kura Haipimi Mlima

Kama una simu na uko kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp hapa Kihonda, ujumbe wa aina hii umeshakupitia: "Jamani naomba kura zenu. Bonyeza linki, tafuta jina langu, ni bure, haimalizi hata dakika." Unabonyeza. Kazi za washiriki wengine hujaziona, wala hujui wako wangapi. Umempigia binamu yako, umerudi kwenye shughuli zako. Wiki mbili baadaye linatoka bango: "Wananchi wameamua, huyu ndiye bora!"

Hebu tusimame hapo kwenye "wameamua". Wameamua nini hasa? Wewe hukuulizwa ipi ni bora, uliulizwa binamu yako ni nani. Ukajibu vizuri tu. Kosa ni la mwandaaji, aliyechukua majibu ya swali moja akayatangaza kuwa majibu ya swali lingine.

Sisi tunaosoma sayansi tuna neno rahisi la kuuliza mbele ya kila kipimo: kinapima nini? Mizani ikikuonyesha urefu, hata isome kwa usahihi namna gani, umekosea chombo. Hoja yetu ni hiyo. Kura ya wazi ya mtandaoni ni kipimo halali, ila inachopima ni ukubwa wa jamaa na marafiki, bando na muda wa kusumbua watu. Tukiitumia kumtafuta aliye bora, tunamdhulumu aliyefanya kazi nzuri na hana watu. Na kwa mwanafunzi anayepanga chumba Kihonda, zawadi ya shindano inaweza kuwa kodi ya miezi kadhaa. Si mchezo.

Kilimanjaro ilipoomba kura

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Tarehe 21 Julai 2009, mradi wa New7Wonders, ulioanzishwa na Bernard Weber, ulitangaza wagombea 28 wa maajabu saba mapya ya asili duniani. Afrika ilikuwa na wawili tu: Kilimanjaro, na Table Mountain ya Afrika Kusini. Watu walipiga kura kwa intaneti na kwa simu. Matokeo yakatangazwa tarehe 11 Novemba 2011. Table Mountain imo. Kilimanjaro haimo.

Je, dunia ilipima milima hii miwili ikaona wa kwetu haufai? Angalia utaratibu wenyewe. Kura za simu ziliruhusiwa kurudiwa: ukiwa na salio unapiga, unapiga tena, na tena. Washindi walitajwa kwa mpangilio wa alfabeti, bila kuwekwa wazi kila mmoja alipata kura ngapi. Miezi michache kabla, Mei 2011, Maldives walikuwa wamejitoa wakilalamikia gharama ambazo hawakuzitarajia. Na kwenye awamu ya 2007, ile ya majengo na magofu, UNESCO ilijitenga na zoezi hilo hadharani, ikieleza kwamba matokeo yangebeba maoni ya wenye intaneti na si ya dunia nzima.

Mtu atasema: tulishindwa kwa sababu sisi ni wachache. Haya, tuhesabu. Sensa ya 2012 ilitukuta Watanzania karibu milioni 45. Korea Kusini, ambayo kisiwa chake cha Jeju kilishinda, ilikuwa na watu karibu milioni 50. Idadi inakaribiana. Ambacho hakikukaribiana hata kidogo mwaka 2011 ni wangapi kati yetu na wao walikuwa na intaneti na salio la kuchezea. Namba hizi mbili hazithibitishi kila kitu, ila zinatosha kutufanya tusite kabla ya kusema "dunia imechagua".

Halafu, tarehe 11 Februari 2013, pale Arusha, taasisi nyingine, Seven Natural Wonders ya Marekani, ilitangaza maajabu saba ya asili ya Afrika. Safari hii wapigakura walikuwa wataalamu. Tanzania ikapata matatu kati ya saba: Kilimanjaro, bonde la Ngorongoro na uhamaji wa nyumbu wa Serengeti. Mashindano yalikuwa tofauti, moja la dunia na moja la bara, kwa hiyo tusiyalinganishe kama mechi ya marudiano. Lakini mlima haukuwa umeongezeka hata sentimita moja. Ulikuwa na mita 5,895 uliposhindwa, na mita 5,895 uliposhinda. Kilichobadilika ni nani ameulizwa na ameulizwaje.

Hesabu ya jamaa

Turudi kwenye mashindano yetu madogo, maana huko ndiko watu wanaumia kimya kimya. Tuseme kuna washiriki wawili. Wa kwanza ana watu 400 anaoweza kuwatumia linki, wa pili ana 40. Tuseme kati ya kila wanne wanaopata linki, mmoja anapiga kura. Wa kwanza ana kura 100, wa pili ana 10. Ubora bado haujaingia kwenye hesabu.

Sasa uingize. Tuseme kazi ya wa pili ni nzuri kiasi kwamba kila anayeiona anavutiwa mara mbili zaidi, yaani katika kila watu wanne wawili wanapiga kura. Amefikisha 20. Kazi yake ni nzuri maradufu na bado amepigwa 100 kwa 20. Ili ashinde kwa njia hii hahitaji kuboresha kazi, anahitaji kuongeza watu kwenye simu. Hilo ndilo somo tunalowafundisha vijana: punguza kuandika, ongeza kuomba.

Ubingwa wa ligi yetu hautolewi kwa kuhesabu mashabiki. Ungetolewa hivyo, Mtibwa Sugar na wenzake wasingekuwa na haja ya kupanda basi kwenda kucheza. Simba na Yanga wangehesabiana jezi mtaani, basi. Hakuna shabiki ambaye angekubali utaratibu huo kwenye mpira. Kwa nini tunaukubali kwenye insha, picha na ubunifu wa wanafunzi?

"Lakini watu wengi hawakosei"

Hoja hii ina mizizi ya kisayansi na inastahili jibu. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walilipa peni sita kila mmoja kukisia uzito wa maksai baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Francis Galton akazichukua kadi 787 na mwaka uliofuata akachapisha matokeo katika jarida la Nature. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito halisi ulikuwa ratili 1,198. Tofauti haifiki hata asilimia 1!

Kwa hiyo umati unaweza kuwa na akili sana. Ila angalia masharti. Wote walimwona maksai yuleyule. Kila mmoja aliandika kisio lake mwenyewe. Kila aliyelipa alitaka kupatia yeye, hakuwa anamsaidia shemeji yake ashinde. Na kulikuwa na jibu la kweli mwishoni, kwenye mizani. Kura ya linki inakosa yote manne: wengi hawajaona kazi zote, wanaona nani anaongoza kabla ya kupiga, wanampigia mtu wao, na mizani hakuna.

Hilo la kuona nani anaongoza ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2006, Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Kundi moja lilisikiliza na kupakua bila kujua wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika "dunia" 8 zisizoonana, na kila dunia iliona hesabu zake za upakuaji. Nyimbo nzuri kabisa mara chache zilifanya vibaya, na mbovu kabisa mara chache zilifanya vizuri. Zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilikwenda popote: wimbo uliokuwa wa 26 kwa wasioathiriwa na wengine ulikuwa wa 1 katika dunia moja na wa 40 katika nyingine. Wimbo ni uleule, masikio ni ya binadamu walewale. Kilichotofautiana ni nani alitangulia kupata kura chache za mwanzo.

Sasa jiulize, kura za mwanzo kwenye mashindano yetu hutoka wapi? Kwa mwenye kundi kubwa la WhatsApp.

Ndege maarufu na ndege wa Uluguru

Kuna upande ambapo jambo hili linavuka zawadi za vijana. New Zealand wana kura ya kila mwaka ya kumchagua ndege wao. Mwaka 2023 mchekeshaji John Oliver, anayerusha kipindi chake Marekani, aliamua kumfanyia kampeni ndege mmoja wa majini aitwaye pūteketeke. Zilikusanyika kura zaidi ya 350,000 kutoka nchi 195, na pūteketeke akashinda kwa kishindo. Mtu mmoja alituma kura 40,000 kwa pengwini mmoja, waandaaji wakazitupa. Kama lengo lilikuwa watu wamzungumzie ndege, zoezi lilifana. Kama lengo lingekuwa kujua ndege yupi anahitaji ulinzi kwanza, matokeo hayo yangekuwa takataka.

Ukisimama Kihonda ukatazama kusini unaiona safu ya Uluguru. Kule juu yuko ndege mwenye kichwa cheusi na tumbo la njano, Malaconotus alius, ambaye duniani kote anajulikana kuishi kwenye misitu ya milima hiyo tu. Ukimpambanisha na simba kwa laiki, atapata kura za nani? Wengi wetu tunaoishi chini ya mlima wake hatujawahi kumsikia. Lakini msitu anaoishi ndio unaolisha vijito vya Ngerengere vinavyojaza bwawa la Mindu, tunakochota maji mjini Morogoro, na vile vya Ruvu vinavyokwenda kuinywesha Dar es Salaam. Anayegawa fedha za uhifadhi kwa umaarufu anaweza kumpa kila mnyama wa kwenye kalenda, akausahau mlima unaotunywesha.

Basi tuwaachie majaji?

Hapana, si kirahisi hivyo. Majaji nao tunawajua. Jaji ana mwanafunzi wake, ana mtu wa kwao, na vikao vya majaji huwa havina dirisha. Kura ya watu ilipendwa kwa sababu hiyo, na sababu hiyo ni ya haki.

Waandaaji wengi hujibu kwa kuchanganya: asilimia 50 majaji, asilimia 50 kura. Inasikika kama usawa. Tuipime. Tuseme majaji wamempa A alama 100 na B alama 30, yaani wameona tofauti kubwa mno. Kwenye kura, A kapata 10 katika kila 100, B kapata 90. Wastani wa A ni 55. Wastani wa B ni 60. B ameshinda! Na majaji wa kweli huwa hawatoi 100 kwa 30, hutoa 78 kwa 71. Upande ambao alama zake zimetawanyika zaidi ndio unaoamua, hata kama kwenye karatasi imeandikwa nusu kwa nusu.

Dawa ipo, na wala si ghali. Kwanza, tenganisha zawadi: moja ya kipenzi cha watu, nyingine ya kazi bora, na kila moja iitwe kwa jina lake. Pili, ficha hesabu hadi mwisho, kisha ziweke wazi zote. Tatu, na hii ndiyo tunaipenda zaidi, usimwache mpigakura achague nani wa kumtazama. Mpe kazi mbili mbili kwa bahati nasibu, bila majina, aseme ipi ni bora. Washiriki 20 wanatengeneza jozi 190. Wapigakura 200 wakilinganisha jozi 5 kila mmoja, una ulinganisho 1,000, na kila kazi imepimwa mara 100 hivi. Binamu anakaribishwa kupiga kura, ila kwenye kila jozi nafasi ya kumkuta mtu wake ni 1 kati ya 10, na jina lenyewe halioni. Umati umebaki, undugu umepunguzwa makali.

Mwandaaji atakayekataa utaratibu huu atasema unapunguza idadi ya watu wanaobonyeza linki. Ni kweli, unapunguza. Hapo atakuwa ametuambia shindano lake lilikuwa la nini: alihitaji watu wa kubonyeza, na washiriki walikuwa njia ya kuwapata. Basi aseme hivyo tangu siku ya kwanza, kabla kijana hajakesha siku kumi akiandika.

Na wewe unayeombwa kura, mpigie binamu yako, undugu ni undugu. Ila ukishabonyeza, rudi juu kidogo, fungua kazi tatu za watu usiowajua, uzisome. Yupo mmoja mwenye watu 40.