Mizani ya Gari Dogo

Wenye Honda Beat niliowahi kuzungumza nao wote husema gari lao "lina roho". Wengine huongeza kwamba linawarudisha utotoni, au kwamba huwezi kuelewa mpaka ukamate usukani mwenyewe. Sidhani kuna anayedanganya. Shida ni kwamba maneno hayohayo husemwa kuhusu Porsche, kuhusu Vespa, hata kuhusu ile Land Rover ya mjomba wa mtu inayovuja oili tangu enzi za Mwalimu. Mshairi akisifiwa kwa maneno yanayomfaa kila mshairi, msomaji ana haki ya kushuku kwamba aliyesifu hakuifungua diwani. Nadhani Beat imependwa sana na kusomwa kidogo.

Basi tuisome. Ilitoka Japani mwezi Mei 1991, miezi mitatu kabla ya mwasisi wa kampuni hiyo, Soichiro Honda, kufariki dunia, na ikaacha kutengenezwa mwaka 1996. Zilitoka karibu 33,600 tu, nyingi katika mwaka wa kwanza, na karibu zote zilibaki hukohuko Japani. Ina viti viwili, paa la turubai, na gia tano za mkono. Otomatiki haikuwahi kuwepo. Injini yake ni ya silinda tatu, sentimita za ujazo 656, na imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Gari zima lina uzito wa kilo 760. Viti vimevikwa kitambaa cha mistari ya punda milia, jambo ambalo Mtanzania akiliona kwa mara ya kwanza lazima acheke. Mimi nilicheka.

Udogo huo haukuwa matakwa ya mchoraji. Japani ina daraja la kisheria la magari madogo liitwalo kei, ambalo hupata nafuu ya kodi likitimiza masharti. Tangu 1990 masharti yalikuwa haya: injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.3, upana usizidi mita 1.4. Juu ya hapo makampuni yalikubaliana yenyewe kwamba nguvu farasi zisipite 64. Beat ina urefu wa mita 3.295 na nguvu farasi 64 kamili. Imejaza mstari mpaka silabi ya mwisho.

Natumia neno silabi makusudi. Sisi tuliosoma fasihi ya Kiswahili tumelelewa ndani ya ugomvi wa arudhi. Upande mmoja yupo Kaluta Amri Abedi na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954. Upande mwingine Kezilahabi na Kichomi, 1974, akivunja vina bila kuomba radhi. Shuleni tulifundishwa kuchagua upande. Nilichagua wa Kezilahabi, kama vijana wengi, na bado nipo huko. Lakini Beat ilinifanya nielewe kwa mwili jambo ambalo watetezi wa mizani wamekuwa wakilisema miaka yote, na ambalo nilikuwa nalichukulia kama hoja ya wazee tu: kwamba nafasi ikibana, kila kilichomo ndani yake hulazimika kufanya kazi.

Hapa inabidi kwenda polepole, kwa sababu ni rahisi kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba ufinyu wenyewe ndio uliozaa uzuri. Sivyo. Sheria hiyohiyo ya kei imezaa maelfu kwa maelfu ya visanduku vya kubebea kabichi, vyenye manufaa yote na visivyo na furaha hata chembe, kama vile mizani kumi na sita zilivyozaa magunia ya mashairi yenye vina safi na mawazo ya kuazima. Tena injini ya Beat ni ya ukoo uleule wa injini ya Honda Acty, kipikapu cha wakulima. Kwa hiyo swali la kihakiki ni hili: ndani ya masharti yaleyale, mtunzi huyu alichagua nini?

Alichagua kukataa tabo. Wapinzani wake wa wakati ule, Suzuki Cappuccino na Autozam AZ-1, walifika kwenye kikomo cha 64 kwa kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Ni njia ya busara, na kwenye mlima Cappuccino inaiacha Beat. Lakini tabo ina tabia ya kufikiri kabla ya kujibu. Unakanyaga mafuta, unangoja kidogo, kisha jibu linakuja lote kwa mkupuo. Watu wa Honda waliipa kila silinda kilango chake cha hewa, vitatu kwa silinda tatu, ili mguu wa dereva na injini visiwe na mkalimani kati yao. Gharama yake ni kwamba nguvu hizo 64 hazipatikani mpaka injini izunguke mara 8,100 kwa dakika. Chini ya hapo Beat ni gari dhaifu, tuseme ukweli. IST ya kawaida ya Dar, ile ya injini ndogo, ina nguvu farasi zaidi ya 80 na haimsumbui mtu.

Niliishi Hamamatsu miaka miwili kwa masomo. Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha piano, na Beat yake ya njano alikuwa nayo tangu ikiwa mpya. Kwa Kijapani nilimwita kwa jina la ukoo na ile "san" ya heshima. Moyoni nilimwita Mzee, na nadhani angelipenda zaidi. Siku aliyonipa ufunguo nilinunua bima ya saa ishirini na nne, zile zinazouzwa kwenye maduka ya huko kama soda, tukapanda milima ya Tenryu, yeye akiwa abiria.

Barabara ile ni nyembamba, inapinda kati ya misitu ya mierezi, na kasi inayoruhusiwa sehemu nyingi ni kilomita 40 kwa saa. Kwa gari lolote la kisasa, hapo ni mahali pa kusinzia. Ndani ya Beat sikupata nafasi ya kusinzia. Kila mpando ulitaka gia ya pili, kila kona ilitaka niamue mapema, na injini ikipiga kelele nyuma ya masikio yangu nilikuwa na hakika tunavunja sheria za nchi ya watu. Nikatupa jicho kwenye kipimo: 45. Mzee alikuwa akitazama miti. Baadaye, tukinywa chai ya kopo kwenye maegesho, aliniambia kitu ambacho ndicho maelezo bora niliyowahi kupewa na mwenye Beat yeyote. Alisema magari mengine anaendesha robo yake tu, hili analiendesha lote.

Hapo ndipo ilipo siri, kama ni siri. Gari la nguvu farasi 250 kwenye foleni ya Mwenge ni kama maktaba ya mtu asiyesoma: mali ipo, imepangwa vizuri, haitumiki. Mwenye Beat hutumia kila alicholipia, kila siku, kwa mwendo ambao trafiki hana la kusema. Na kwa kuwa anakitumia chote, anakijua chote. Anajua gia ya tatu inachosha wapi, anajua breki zinaumwa lini. Watu hukiita kitu hicho roho kwa sababu hawana neno jingine karibu. Mimi ningekiita ukaribu wa kitendo na matokeo yake, na ni kitu ambacho maisha ya ofisini, ya skrini na ya fomu za kujaza, yametunyang'anya kimyakimya.

Maelezo mengine maarufu, kwamba watu hupenda magari haya kwa kuikumbuka Japani ya zamani iliyokuwa na pesa, siyaamini sana. Ni kweli kwamba kigari kisicho na kazi yoyote isipokuwa kufurahisha kingeweza kubuniwa tu na kampuni iliyolewa fedha za miaka ile. Lakini nimekutana na wenye Beat waliozaliwa baada ya 1996. Mtu hawezi kutamani kurudi mahali ambako hajawahi kukaa.

Kuna upande wa gharama, na hapa sisi tunaingia moja kwa moja. Japani, gari likifikisha miaka 13 kodi yake hupanda, na ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili unazidi kuwa mchungu kwa gari lililochakaa. Mfumo wote unamnong'oneza mwenye gari: liachie. Na wengi huliachia, ndiyo sababu meli hushusha magari yao Dar es Salaam na Mombasa kila wiki. Kenya imeweka mpaka wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa. Tanzania inapokea ya zamani zaidi lakini inayatoza ushuru wa ziada. Karibu kila gari unaloliona Kariakoo ni gari ambalo Mjapani mmoja alipiga hesabu akaona halimlipi tena. Mwenye Beat alipiga hesabu ileile, akapata jibu lilelile, akalipa. Mwaka 2017 Honda wenyewe walianza kutengeneza upya baadhi ya spea zake, miaka zaidi ya ishirini baada ya gari kufa kiwandani. Ningependa kuona kampuni ikifanya hivyo kwa ajili ya Noah ya mwaka 2003 iliyoko Singida. Simaanishi kwamba mapenzi ya Beat ni ya uongo. Namaanisha kwamba kulipenda gari moja kwa miaka thelathini, kwa starehe tu, ni jambo linalohitaji barabara iliyolala vizuri, pensheni inayofika, na fundi asiyebahatisha. Sifa nyingi nilizosoma za Beat zinazungumza kana kwamba vitu hivyo huota vyenyewe.

Nilimtumia mama picha yangu nikiwa kwenye usukani. Akapiga simu badala ya kuandika, kama anavyofanya akiwa na neno.

"Viti viwili tu?"

"Viwili, mama."

"Sasa msiba ukitokea Korogwe, unampakia nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea, kwa upole wake wa kuumiza: "Mwanangu, hilo ni gari la mtu asiye na ndugu."

Nimeutafuta uhakiki bora wa gari la viti viwili na sijaupata unaoishinda sentensi hiyo. Kwetu gari ni chombo cha ukoo kabla hakijawa cha mtu. Mwenye Noah hana Jumamosi. Ana harusi, ana mahari, ana shangazi wa kupeleka kliniki, ana magunia mawili ya mchele ya jirani. Gari la viti viwili linasema hapana kwa niaba yako kabla hujaombwa. Na sikatai kwamba sehemu ya utamu nilioupata milimani ilikuwa hiyo hapana. Kijana aliyekulia kiti cha nyuma, akiwa wa tano kati ya watu watano, anaweza kufurahi kupita kiasi siku anapokaa mahali ambapo hakuna kiti cha nyuma. Wahakiki wa magari hawaliandiki hili kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuombwa lifti ya kwenda msibani. Lakini kwa msomaji wa hapa, furaha ya Beat haiwezi kutenganishwa na swali la mama: umewaacha nani barabarani?

Hata hao wawili wenyewe hawako sawa. Ndani ya Beat nafasi haikugawanywa katikati; upande wa dereva ni mpana zaidi, na abiria hubanwa kidogo kuelekea mlango wake. Nililiona hilo siku Mzee alipoketi kushoto kwangu, magoti yameinuka, mikono mapajani. Nilipomuuliza kama anaumia alisema mkewe alikaa pale miaka ishirini na kitu na hakuwahi kulalamika, mpaka magoti yake yalipokataa kuingia kwenye gari lililo chini namna ile. Sasa wakienda hospitali wanatumia gari la binti yao, kijisanduku cheupe cha kei, kirefu, chenye mlango wa kutelezesha. Mama mtu huingia humo kama anaingia sebuleni.

Sikumuuliza kwa nini basi haiuzi ile ya njano. Tulikuwa tumerudi, jua limezama, na alikuwa akijiandaa kukunja paa. Dirisha la nyuma la Beat ni la plastiki, na likikunjwa vibaya, hasa wakati wa baridi, hupata ufa. Kwa hiyo alitoa taulo dogo kutoka chini ya kiti cha abiria, akalitandaza juu ya plastiki, akalisawazisha kwa kiganja mpaka kona zote zikakaa, ndipo akakunja. Kazi nzima ilichukua kama dakika nne. Kisha akaniambia kwamba gia ya pili naingiza kwa haraka mno.