Mlima Kenya Hausinyai, Ni Lenzi

Msafiri wa barabara ya Embu–Meru hushuka Runyenjes alfajiri, akauelekezea Mlima Kenya simu, kisha akalalamika kwamba mlima uliomjaa machoni umetoka kadogo. Lawama zote kwa simu. Lakini hebu tupige hesabu.

Batian, kilele cha juu kabisa, kina mita 5,199. Runyenjes iko kwenye mita 1,500 hivi, na kati yake na kilele ni kama kilomita 40. Ukiwa mjini, kilele kinainuka nyuzi 5 tu, ilhali lenzi kuu ya simu, ukiilaza, hunasa zaidi ya nyuzi 50 kutoka juu hadi chini. Mlima unaambulia sehemu moja ya kumi ya picha. Kwingine ni anga na nyaya za umeme, ambazo jicho lilikuwa limeamua kutoziona. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera kubwa huupa mlima nafasi yake. Kwa simu ya lenzi moja, kuvuta kwa vidole ni kukata picha tu. Afadhali upande hadi mashamba ya chai ya Rukuriri, uinamie majani yaliyo mbele yako, mlima uwe mdogo kwa kupenda kwako.

Saa nayo ni muhimu kuliko bei ya kamera. Mlima uko kaskazini-magharibi mwa mji, kwa hiyo jua la asubuhi humulika uso uleule tunaouona. Jioni uso huo ni kivuli. Tena hapa karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga laini ambao London wakati wa kiangazi huburuza miguu, hapa saa mbili asubuhi umekwisha, na mawingu yameanza kuufunika mlima. Anayelala Embu mjini na kungoja chai ndipo atafute matatu amechelewa. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuutafuta mlima. Julai, pamoja na ukungu wake, mimi sijisumbui.

Kuanzia saa tatu, upe mlima mgongo uingie sokoni. Tatizo la huko ni mabati. Simu hupima mwanga wa fremu nzima. Ikiona bati linalowaka nyuma ya mama muuza maparachichi, hupunguza mwanga, na uso wake mweusi hutoka bila macho. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia hadi kipimo kijifunge, bati liachwe liungue. Au sogea hatua mbili ili nyuma yake kuwe na migomba. Barazani, kivulini, mwanga unaorudi kutoka kwenye udongo mwekundu hupasha ngozi rangi nzuri bila gharama.

Yote hayo baada ya salamu na ruhusa. Akikataa, simu irudi mfukoni. Wauza muguka hasa hawapendi kupigwa picha na mgeni. Akikubali, wahi ya kwanza akiwa bado anacheka, maana ya pili atajikaza kama wa kitambulisho.