Je, huu ni ungwana? Swali la Mambo Mbotela lilivyotulea Eastlands

Ukishika Barabara ya Jogoo kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ukaupita Uwanja wa City, huendi mbali kabla ya kufika mtaa uitwao Mbotela. Nilikulia humo. Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa jijini mwishoni mwa mwaka 1952, kama vile mitaa jirani ya Ofafa ilivyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka uliofuata. Sisi watoto hatukujua lolote kuhusu Tom. Mbotela tuliyemjua alikuwa mmoja tu, naye aliishi ndani ya redio. Tuliamini kabisa kwamba mtaa ni wake. Mwenzetu mmoja aliyekuwa mbishi aliuliza swali ambalo hadi leo hatujalijibu: "Kama ni wake, mbona haji kuchukua kodi?"

Leonard Mambo Mbotela alitutoka Februari 7, 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Tanzia nyingi zilimsifia sauti, na zilikuwa na haki. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, akasoma habari, akatangaza kandanda, akasherehesha hafla, akachekesha bila ya kujiita mchekeshaji. Mechi ikichezwa Uwanja wa City, sisi wa Mbotela tulisikia kelele za mashabiki zikiingia dirishani, lakini aliyetuambia kelele hizo zinatokana na nini alikuwa Mambo. Bila yeye tulikuwa na kelele tu. Hata hivyo, sisi wapenzi wa lugha tuna jambo la kumshukuru na jingine la kumdai, na yote mawili yamo katika maneno manne yaliyokuwa jina la kipindi chake tangu mwaka 1966: "Je, Huu ni Ungwana?"

Kipindi hicho kilianzia redioni, kisha kikaingia katika runinga pia. Hadi KTN ilipoanzishwa mwaka 1990, runinga ya Kenya ilikuwa ya stesheni moja tu. Katika safu yetu ya nyumba kulikuwa na runinga moja, Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, mali ya jirani aliyefanya kazi reli. Masharti yake yalijulikana. Uwe umeosha miguu. Usiguse kitambaa cha kochi. Wageni wake wakiletewa chai, angalia kando. Humo ndimo tulimoona *Vitimbi*, na Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ufundi hata Wajaluo wa mtaani kwetu wakaapa kuwa ni wa kwao. Humo tuliona *Vioja Mahakamani*, hakimu akivumilia vituko vya mshtakiwa mpaka subira inamwisha. Na humo tulimwona Mambo.

Nikivitazama vipindi hivyo leo kwa jicho la mhakiki, naona vyote vilikuwa vipindi vya hukumu. Katika *Vioja* hukumu ilitolewa na hakimu. Katika *Vitimbi* ilitolewa na kicheko chetu. Mambo Mbotela alifanya jambo la tatu, gumu kuliko hayo mawili: alitoa kisa, akauliza, akatuachia. Mtu amefika kwa mwenzake saa ya chakula, bila taarifa, na hataki kuondoka. Mtu ameazima sufuria, miezi sita imepita. Je, huu ni ungwana? Ninavyoamini mimi, hicho ndicho kilichokuwa kipindi chetu kikubwa cha mazungumzo kabla ya mtindo wa kuwakalisha wageni kwenye makochi studioni. Mazungumzo yenyewe hayakufanyika stesheni. Yalifanyika kwa jirani yetu wa reli, chini ya balbu moja, akina mama wa makabila matano wakibishania sufuria. Mama mmoja Mluhya alishikilia kwamba mgeni wa saa ya chakula ni baraka. Jirani yake Mkamba akasema baraka gani hiyo isiyoleta hata unga. Mambo alikuwa amekwenda zake zamani, kipindi kimekwisha, taarifa ya habari inasomwa, na sisi bado tuko kwenye sufuria.

Walimu wa fasihi hutufundisha kuhusu maswali ya balagha, yale yasiyongoja jibu. Kwa maandishi, swali la Mambo ni la balagha: anayeuliza ameshaamua kwamba huo si ungwana. Kwa sauti yake, hasa kwa namna alivyoivuta hiyo "je" kana kwamba anafungua mlango polepole, liligeuka kuwa swali la kweli. Kijineno hicho ambacho wanafunzi wengi hukiweka mwanzoni mwa sentensi kwa mazoea tu, na mara nyingi bila mkato wake, kilifanya kazi yote.

Kuna jambo jingine la sarufi ambalo huwachekesha wanafunzi wangu. Kiswahili cha Eastlands, wacha tuseme ukweli, kina "hii" moja inayotosha kila ngeli. Hii mtu, hii maji, hii ukuta, hii maneno yako. Lakini hata mtoto aliyezaliwa na kukulia Jericho, asiyejua U-U wala LI-YA, akikuona umeruka foleni ya maji atakuuliza, "Buda, je, huu ni ungwana?" Hasemi "hii ni ungwana". Upatanisho wa kisarufi uliowashinda walimu darasani uliingia vichwani mwetu kama wimbo, ukakaa. Nami sijui kitabu cha kiada chenye sifa hiyo.

Wakereketwa wa usanifu watanikumbusha kwamba neno lenyewe lina kasoro. Mzizi ni -ungwana, mtu ni mwungwana au muungwana, kwa hiyo sifa yake ni uungwana, kwa u mbili. Sina ubishi. Mwanafunzi wa mtihani na aandike uungwana. Kipindi kilichagua matamshi ya mdomoni, u moja, na nchi nzima ikalifuata.

Linalonishughulisha zaidi ni asili ya neno. Katika miji ya kale ya pwani, mwungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mzaliwa wa nyumba huru, mwenye nasaba, kinyume cha mtumwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inaanza na maana hiyo ya mtu huru kabla ya kufika kwenye adabu na elimu. Aliyekombolewa au kuachwa na bwana wake aliitwa huru, lakini hakuwa mwungwana, kwani uungwana haukutolewa kama cheti. Ulizaliwa nao. Sasa mtazame aliyekuwa akituuliza. Akina Mbotela ni ukoo wa Frere Town, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamishenari mnamo 1875 kwa ajili ya watu walionasuliwa kutoka majahazi ya watumwa. Pale bado pana mnara wa kengele, na ndiyo maana mahali penyewe huitwa Kengeleni. James Mbotela, wa ukoo huohuo, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Mabwana wa zamani wa pwani wangeshangaa kuona mjukuu wa waliokombolewa ameketi mbele ya kipaza sauti akiwauliza wote, wenye nasaba na wasio nayo, kama matendo yao ni ya ungwana!

Sidai kwamba yeye ndiye wa kwanza kuligeuza neno hilo. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara kutoka Zanzibar, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa, walijiita Wangwana walipofika bara, na Kiswahili walichokiacha mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana. Neno lilianza kutoroka nasaba zamani. Lakini nchini Kenya, ninavyoona mimi, ni kile kipindi kilichomaliza kazi. Muulize kijana yeyote wa Maringo leo mwungwana ni nani, atakuambia ni mtu mpole, anayesalimu wazee, asiyetupa takataka mlangoni kwa jirani. Hatakutajia ukoo. Na ilikuwa bahati njema kwamba kipindi hakikuitwa *Je, Huu ni Ustaarabu?* Neno hilo, ukilichimbua, linambeba Mwarabu tumboni, na lingetuuliza tumefanana na nani badala ya kutuuliza tumefanya nini.

Hayo ndiyo ya shukrani. Sasa deni.

Asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982, nilikuwa na umri wa miaka tisa. Waasi wa jeshi la wanahewa walimchukua Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka stesheni, wakamlazimisha aitangazie nchi kwamba serikali imepinduliwa. Kambi ya Eastleigh haiko mbali nasi. Tulilala chini ya kitanda. Baba alikuwa na shaka na tangazo mpaka aliposikia ile sauti, kisha akasema, "Kama ni Mambo amesema, basi imekwisha." Haikuwa imekwisha. Kabla ya jua kutua wanajeshi watiifu walikuwa wameikomboa stesheni. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Wale askari wangeweza kusoma karatasi yao wenyewe. Walimfuata yeye kwa sababu sauti iliyokuwa imetufundisha kurudisha sufuria ya watu ndiyo sauti pekee ambayo Baba angeiamini hata ikiwa na bunduki nyuma yake.

Na sauti yenye imani kubwa kiasi hicho iliuliza mambo madogo tu. Hilo ndilo lalamiko langu. Kwa miongo yote hiyo swali lilielekezwa chini: kwa abiria, kwa mgeni, kwa mwazimaji, kwa jirani. Sikumbuki hata siku moja likielekezwa juu. Miaka michache baada ya 1982, Baba alifika kwenye lango la kiwanda cha Indaa alichokifanyia kazi miaka 14, akapewa bahasha na bawabu. Hakuna aliyetoka kumwona uso kwa uso. Jioni ile kisa cha kipindi kilikuwa cha mtu anayesoma gazeti la mwenzake kwenye basi. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Na huyu wangu, Mambo atamuuliza lini?"

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Baba watoto," akasema, "hata Mambo ana mwajiri."

Sijasoma uhakiki wa utangazaji wa enzi hiyo uliosema kweli zaidi kwa maneno machache zaidi. Stesheni ilikuwa ya serikali, moja, na waliotaka kuuliza wakubwa maswali walijua walikokuwa wakipelekwa. Kwa hiyo simlaumu mtu. Nalaumu mpaka wa neno. Adabu ikifundishwa kwa wadogo peke yao, inaanza kunuka utii. Hata hivyo lazima niseme jambo la kumtetea. Mambo hakumtaja mtu. Mwenye kuazima sufuria hakuwa na jina wala kabila, na kila mmoja pale kwa jirani wa reli aliweza kujitambua gizani bila ya kuaibika. Leo nasikiliza *Patanisho* ya Gidi na Ghost kwenye Radio Jambo, kama wanavyosikiliza abiria wote wa matatu asubuhi, nacheka kama wao, na huku naona haya: mke na mume halisi wanapigiana simu mbele ya taifa na kufunuliana siri za chumbani. Tumeupata ujasiri wa kuuliza, lakini tumeipoteza ile stara. Laiti ningeweza kuvichanganya vipindi hivyo viwili, na bahasha ya Baba ikawa kisa cha kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilipanda matatu ya kwenda Donholm. Mvua ilianza kunyesha tukiwa Muthurwa, na konda, bila kupepesa macho, akaongeza nauli maradufu. Abiria walinung'unika, wakatoa. Msichana mmoja aliyeketi nyuma ya dereva, wa umri usiozidi miaka 20, hakutoa. Sidhani kama amewahi kukisikia kipindi hicho. Akamtazama konda, akaivuta ile "je" kama inavyostahili kuvutwa:

"Je, huu ni ungwana?"

"Siste," konda akamjibu, "huu si ungwana. Hii ni mvua."

Gari zima liliangua kicheko, konda mwenyewe akiwemo. Nauli haikushuka, lakini nilisikia alivyoipatanisha "huu" na "ungwana" mahali pake, nikalipa.